Marekebisho

Mimi ndiye nizoaye theluji mlangoni pa maktaba,
saa kumi na mbili asubuhi, kabla Verna Koskela hajafika na funguo.
Kwa hiyo nilimwona meya kwanza:
Waino Ruuska, kichwa wazi, katika baridi ya kugandisha mate,
karatasi kwapani kama aletaye barua ya msiba.

"Soma hapa," akamwambia Verna. Hata salamu hakutoa.
Kumbukumbu za kikao cha baraza, mwezi wa kwanza.
Waliohudhuria: majina matano.
La nne, Reino Halvala.
Verna akavua miwani, akaivaa tena.
Reino tulimzika Oktoba.
Jeneza nililibeba kwa bega hili.

Novemba kahudhuria. Desemba kahudhuria.
Januari si kuhudhuria tu: kaunga mkono hoja
ya kupandisha bei ya maji.

Karani alinakili ukurasa wa zamani, basi, hila haikuwepo.
Kilichomkosesha meya usingizi ni kingine:
miezi mitatu karatasi zile zimebandikwa ubaoni pale posta,
na katika mji wa watu elfu mbili na mia nne
hakuna aliyesimama akasema, "Jamani, huyu si marehemu?"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Chetu hakikuwa nao.
Kilikuwa kimya cha friji iliyochomolewa.

Mgodi ulifungwa kwanza, kisha duka la viatu,
kisha gazeti, na gazeti peke yake halikuwekewa matanga.
Tangu hapo tulijua nani kamtukana nani katika miji mikuu ya mbali,
tusijue daraja letu limefungwa
mpaka tulifikie na gari, watoto nyuma, maziwa yakimwagika.

Verna hakutoa hotuba.
Alipiga simu chuo kikuu, kilomita tisini kusini,
kwa mkuu wa kitivo, Dakta Pilar Escamilla,
ambaye aliuliza swali moja tu:
"Mna meza?"

Meza tunazo.

Wakaja vijana sita kwa basi dogo, na viatu vyao vya mjini.
Mmoja, Nhia Moua, akajifunza siku hiyo hiyo
kwamba hata wino huganda.
Wakaketi safu ya mbele kikaoni, wakiandika kwa penseli,
na madiwani wetu, ambao zamani walikuja na ndala,
wakaanza kuchana nywele.

Toleo la kwanza: karatasi moja iliyokunjwa mara mbili,
imetoka mashine ya kunakili ya maktaba ikiwa ya moto kama mkate.
Bei ya maji, na nani kapiga kura gani.
Reino, kwa heshima zote, ameondolewa.
Jina la meya wamelikosea: Ruska.

Kabla ya saa sita simu ya maktaba ililia mara kumi na tisa.
Mjane wa Halvala. Fundi bomba. Mtoto wa darasa la tano.
"Meya wetu ana u mbili!"
Na Waino kasimama kando ya rafu ya vitabu vya bustani,
akizihesabu simu kwa vidole
kama ahesabuye wageni wa arusi.

Kikao kilichofuata viti havikutosha, tukaazima vya kanisa.
Walimkaripia mpaka saa nne usiku,
nami nilikuwemo, maana bili yangu haina urafiki.
Hoja ya maji ikaanguka, tatu kwa moja,
huyo mmoja akiwa yeye.
Alitoka nje, theluji ikianguka upya.
"Wamenishinda," akasema,
akaniomba koleo la pili.

Toleo lililofuata, chini kabisa, kwa herufi ndogo:
*Marekebisho. Jina la meya ni Ruuska.*
Verna alilikata, akalibandika ubaoni pale posta.
Leo asubuhi nimepita. Mtu, sijui nani,
ameandika chini yake kwa penseli:

Na daraja je?